Nani akae na nani bwawani? Ukubwa wa bwawa na wenza wa sato

 

Wiki mbili zilizopita alinipigia kijana mmoja wa Mishamo ambaye sasa ana duka la simu Mpanda mjini. Akaniambia: "Bwana samaki, shikamoo. Nimetoka Dar na samaki wa urembo, wanamwita oska. Nimemweka kwenye tangi la kioo pale dukani, wateja wanampenda kweli. Sasa nataka kumwongezea wenzake. Nimwekee vifaranga vya sato?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Swali hilo ndilo ninaloulizwa kila mwezi na vijana wenye mabwawa, ila wao hawaulizii tangi la kioo. Wanauliza bwawa langu liwe kubwa kiasi gani, nichanganye samaki gani, na je, kambale na sato wanakaa pamoja? Kwa hiyo leo nitajibu yote mawili. Naanza na huyo wa dukani, kisha tunashuka shambani ambako hela yenu ipo.

Oska wa dukani

Oska asili yake ni Amerika Kusini, bonde la mto Amazon. Yumo kwenye ukoo mmoja na sato, perege na wale samaki wa rangi rangi wa Ziwa Tanganyika. Hata kuhe wetu, anayepita nusu mita kwa urefu, ni wa ukoo huohuo. Kwa hiyo ukimjua sato, oska hakupi shida kumwelewa.

Dukani wanamuuza akiwa mdogo kama kidole. Hapo ndipo watu wanaponasa. Samaki huyo hukua haraka na kufikia sentimita 30 hivi, urefu wa rula ya shule. Tangi la kijana wangu lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 35. Zidisha hizo tatu, gawa kwa 1,000, unapata lita 63. Ni ndoo tatu za maji. Samaki wa sentimita 30 kwenye ndoo tatu hawezi hata kugeuka vizuri, na uchafu wake unamrudia mwenyewe.

Oska mmoja anahitaji lita 300 hivi. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 55 linatosha. Wakiwa wawili, anza na lita 400 na kuendelea. Kumbuka lita 300 ni kilo 300, usiweke juu ya meza ya kaunta. Kila wiki toa robo ya maji uweke mapya yaliyotulia, kwa sababu anakula sana na anachafua sana.

Wenza je? Kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Kwa hiyo vifaranga vya sato utakuwa umemnunulia kitoweo. Na sato dume mkubwa ni mgomvi wa kugombania eneo, wataumizana. Kama lazima awe na mwenzake, awe mwenye mwili mkubwa, asiyemezeka na asiyependa ugomvi, na tangi liongezwe. Kama huna nafasi hiyo, mwache peke yake. Oska hafi kwa upweke.

Nilimwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni kama yale ya bwawa letu." Kweli. Yeye alikuwa mmoja wa kile kikundi.

Kosa ambalo na mimi nilikuwa na mkono wangu

Kikundi chao cha vijana saba, kijiji kimoja cha hapa Mishamo, kilichimba bwawa la mita 15 kwa 10. Walikuwa wamechukua mkopo wa vijana, na marejesho yalikuwa yanawasubiri. Nilipita kwao nikiwa na haraka ya kwenda kikao. Wakaniuliza wafanyeje sato wasizaliane mpaka kujaza bwawa. Nikajibu nikiwa juu ya pikipiki: "Wekeni kambale, watapunguza vifaranga." Nikaondoka.

Jibu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa nusu. Sikuwaambia kambale wangapi, wa ukubwa gani, wala wawekwe lini. Wao wakanunua vifaranga 900 vya sato vya urefu wa kidole, na kambale 100 wa shubiri moja kwa sababu muuzaji alisema wakubwa ndio wazuri. Wakapandikiza wote siku moja.

Walilisha kwa uaminifu miezi sita. Pumba, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga. Siku ya kukausha bwawa niliitwa nishuhudie. Tulitoa kambale 83 wanene ajabu, na sato 112. Mia moja na kumi na mbili, kati ya mia tisa! Hapakuwa na mwizi wala kenge. Sato waliliwa wiki zile za mwanzo, kidogo kidogo, usiku, na hakuna aliyeona kwa sababu maji ya kijani hayaonyeshi hesabu.

Kambale wale wakauzwa, wakalipa rejesho moja. Marejesho yaliyobaki waliyalipa kwa vibarua vya mashamba ya watu msimu mzima. Wawili waliacha ufugaji kabisa. Siwalaumu. Ndiyo maana siku hizi sijibu swali la bwawa nikiwa juu ya pikipiki.

Jambo la kwanza: pima mdomo

Kabla ya kuchanganya samaki, usiulize kama "wanapatana". Uliza kama mmoja anaingia kwenye mdomo wa mwingine. Kambale anaweza kummeza samaki aliye karibu na nusu ya urefu wake. Kwa hiyo siku unapowaweka pamoja, sato ndiye awe mkubwa na kambale awe mdogo. Kambale asizidi nusu ya urefu wa sato. Hapo sato yuko salama, na watoto watakaozaliwa baadaye ndio watakuwa chakula cha kambale.

Hii inahusu hata kambale kwa kambale. Vifaranga vya kambale havikui sawa. Kila kundi lina wawili watatu wanaokimbia mbele, na hao hula ndugu zao. Kama unafuga kambale peke yao, kila wiki mbili katika miezi miwili ya kwanza wavue, watenge wakubwa na wadogo. Ukiona vifaranga vinapungua na maiti hazionekani, usitafute mchawi. Tafuta kambale mwenye tumbo lililovimba.

Jambo la pili: bwawa lipimwe Septemba, siyo Machi

Kwa bwawa la udongo la kulisha kawaida, lisilo na mashine ya hewa, mimi nashauri sato 2 hadi 3 kwa mita moja ya mraba. Bwawa la 15 kwa 10 ni mita za mraba 150. Zidisha kwa 3, unapata sato 450. Siyo 900 wala 1,500.

Najua mnachofikiria. "Nikiweka mara mbili, nitavuna mara mbili." Hapana. Bwawa lina kiasi chake cha hewa na chakula. Ukiweka wengi, kilo zinabaki zilezile ila zinagawanywa kwa vichwa vingi, na unavuna samaki wa gramu 80 ambao soko la Mpanda linakuangalia tu. Mteja anataka sato anayejaa sahani.

Fanya hesabu yako hivi, na uweke bei ya soko lako mwenyewe:

- Umepandikiza 450.
- Chukua kwamba 8 kati ya 10 watafika. Hao ni 360.
- Kila mmoja akifika gramu 250, una kilo 90.
- Toa gharama ya vifaranga, chakula, usafiri na vibarua. Kinachobaki ndicho chako. Kama hakibaki kitu kwenye karatasi, hakitabaki bwawani.

Sasa, kuna kitu ambacho vitabu vingi havikuambii na Mishamo inakuambia kila mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili. Bwawa ulilolipima mwezi Machi likiwa limejaa, mwezi Septemba ni bwawa jingine. Maji yameshuka, kingo zimetoka nje, sehemu ya kina kifupi imekuwa tope. Samaki wako ni walewale, na wamekua. Kwa hiyo kama utakuwa na samaki bwawani wakati wa kiangazi, idadi ihesabiwe kwa eneo la maji la Septemba. Ikiwa bwawa la mita 150 hubaki mita 100, panga sato 300 tu, au panga kuvuna kabla maji hayajapungua.

Kina kiwe sentimita 80 upande wa kuingizia maji, na mita 1.2 au zaidi upande wa kutolea. Bwawa la kina kifupi hupata joto sana mchana na baridi sana usiku. Juni na Julai usiku wetu ni wa koti. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, sato hupunguza kula, na ukimmwagia chakula kilekile kinaoza chini na kula hewa yake.

Namna ya kujua kama bwawa limezidiwa? Nenda alfajiri, kabla jua halijatoka. Sato wakiwa juu wanahema midomo wazi, hewa imepungua. Acha kulisha asubuhi hiyo, acha samadi, ingiza maji mapya. Na kipimo cha mkono: zamisha mkono taratibu. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, rangi ya kijani ni nzuri. Kikipotea mapema zaidi, mwani umezidi. Kikionekana mpaka juu ya kiwiko, maji hayana chakula cha asili cha kutosha.

Kambale yeye ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia maji mabovu. Usimtumie kama kipimo. Kambale akiwa mzima haimaanishi sato yuko salama.

Jambo la tatu: nani akae na sato

*Sato madume tupu.* Kwa anayefanya biashara, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Dume hukua haraka kuliko jike, na bila majike hakuna kuzaliana. Ila majike wachache huwa wanapenya kwenye kundi. Ukiona vifaranga vidogo pembeni mwa bwawa mwezi wa tatu, ujue wapo.

*Sato mchanganyiko na kambale.* Kama madume tupu hawapatikani, hapa ndipo kambale anapofanya kazi ya askari. Sato huanza kuzaa akiwa na miezi miwili mitatu tu, jike akibeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Usipozuia, bwawa linajaa watoto na wazazi wanadumaa. Utaratibu ninaoutumia ni huu: pandikiza sato kwanza. Subiri wiki sita. Halafu weka kambale wadogo, mmoja kwa kila sato kumi. Kwa sato 450, kambale 45. Pima kwa rula, siyo kwa macho.

*Kambale peke yao.* Inafaa kwa mwenye chakula chenye protini ya kutosha na muda wa kuwatenga kila wiki mbili. Inua kingo na weka wavu kuzunguka, kwa sababu usiku wa mvua kambale hutambaa juu ya nyasi na kuhama.

*Sato na perege wa mtoni.* Hapana. Hawa wa jamii moja wanaweza kuzaana wao kwa wao, ukapata kizazi chotara kisichokua sawa. Na samaki wa kuvua mtoni anakuja na magonjwa yake. Weka chujio la wavu mdogo kwenye mlango wa kuingizia maji, maana kambale wa porini akipenya akiwa mdogo kama sindano, baada ya miezi minne atakuwa ndiye mwenye bwawa.

Vifaranga nunua kwa mzalishaji anayejulikana. Vituo vya serikali vya ukuzaji viumbe maji vipo Kingolwira (Morogoro), Ruhila (Songea) na Mwamapuli. Hii ni Mwamapuli ya Igunga, Tabora, siyo ya kwetu Mpimbwe. Kuna kijana alishapanda gari la upande mwingine. Mkifika na mifuko, msimwage samaki moja kwa moja. Elesheni mifuko juu ya maji dakika 20 mpaka 30 joto lilingane, fungueni, ongezeni maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha waacheni watoke wenyewe.

Panga tarehe ya kuvuna kabla ya tarehe ya kupandikiza

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilifungwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa mteja wa Mpanda aliyezoea migebuka na dagaa kutoka Karema na Ikola, huo ni wakati wa ukame wa kitoweo. Kwa mwenye bwawa, huo ni wakati wa soko.

Hesabu kurudi nyuma. Sato anahitaji kama miezi saba kufika gramu 250 kwa ulishaji wetu. Ukitaka kuvuna mwanzoni mwa Juni, pandikiza mwanzoni mwa Novemba, mvua zinapoanza. Samaki wanakua miezi ya joto na maji mengi, unavuna kabla ya baridi kali na kabla bwawa halijapungua. Tarehe za kufunga ziwa zifuatilie kila mwaka kwenye tangazo la Serikali, usitegemee za mwaka jana.

Usimwage samaki mtoni

Kijana wa oska aliniuliza mwisho: "Akinishinda, nimtupe mtoni?" Hapana kabisa. Na wewe mwenye bwawa, ukiacha ufugaji, usifungulie maji na samaki wote.

Tuna mfano mkubwa hapahapa Afrika Mashariki. Sangara aliwekwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, na sato wa Nile naye aliingizwa miaka hiyohiyo. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamezagaa, na aina kama 200 za furu zikatoweka au kubaki kidogo sana. Ngege wa asili wa ziwa lile naye akasukumwa pembeni. Ni kweli sangara aliingiza hela nyingi, viwanda vikajengwa. Lakini furu waliopotea hakuna wa kuwarudisha. Lilikuwa kosa lilelile la kikundi changu, kumweka mwenye mdomo mkubwa pamoja na wenye miili midogo, ila bwawa lenyewe lilikuwa ziwa zima.

Maji yetu ya Mishamo mwishowe huelekea Ziwa Tanganyika, ziwa lenye aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo huu wa sato, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Kabla ya kuleta samaki mgeni kutoka bonde jingine, muulize afisa uvuvi wa halmashauri. Na oska akikushinda, mpe mtu mwenye tangi kubwa.

Kile kikundi kilifikia wapi?

Watano waliobaki walirudi kwangu mwaka uliofuata. Safari hii nilikaa chini, tukapima bwawa kwa kamba. Sato 450. Wiki sita baadaye kambale 45 wa urefu wa kidole, nikiwa na rula mkononi. Siku ya kuvuna tulipata sato 371, wastani wa gramu 240, na kambale 38. Karibu kilo 89 za sato. Siyo utajiri. Ila walilipa vibarua, wakanunua vifaranga vya msimu uliofuata bila kukopa, na mmoja akachukua mgao wake akaanzisha duka la simu Mpanda.

Ndiye huyo mwenye oska. Juzi kanitumia picha: tangi jipya la sentimita 120, oska yumo peke yake, na tangi limekaa sakafuni juu ya matofali. Amejifunza.

Kabla hujanunua kifaranga hata kimoja, andika majibu ya maswali haya manne kwenye daftari:

1. Eneo la maji ya bwawa langu mwezi Septemba ni mita ngapi za mraba?
2. Samaki mkubwa nitakayemweka anaweza kummeza mdogo wake?
3. Nani atazuia sato wasijaze bwawa, na ataingia wiki ya ngapi?
4. Nitavuna mwezi gani, na nani atanunua?

Ukikwama kwenye moja, njoo ofisini au nisubiri kijijini siku ya ziara. Tutakaa chini tuongee, siyo juu ya pikipiki.